Kibao cha Mama Neema

Mjomba Wilondja tulimzika Louisville, hapa Marekani, siku ya jua kali, na makaburini sikulia. Nililia baadaye, jikoni kwake, nilipofungua kabati nikakuta vipande vya sabuni ya kufulia vimepangwa juu ya gazeti vikauke, kama alivyovipanga miaka yote, kwa sababu alisema sabuni kavu haiishi haraka. Mama Neema, mjane wake, aliniona akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kibao chekundu cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe MAMA NEEMA, kina matundu manne, akakiegemeza kwenye magoti yangu. Wanangu waliokuwa kwenye kochi waliniuliza kwa Kiingereza hicho ni kitu gani. Niliwaambia nitawaeleza tukiwa njiani kurudi kwetu Gahanna. Njiani walilala wote, basi naeleza hapa.

Mwaka ninaoukumbuka ni 2015. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kichwa kigumu kuliko cha sasa, nafanya kazi kwenye ghala la vifurushi na kukaa na Mjomba kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo kuta zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya tulimwambia pole. Habari za jinsi tulivyotoka Fizi, huko Kongo, na za kambi ya wakimbizi, sitaziandika. Wameziandika wengi, na mimi bado zinaniwasha. Nitakachosema ni kwamba kambini jalada la Mama Neema lilipita njia nyingine na la mumewe njia nyingine, mwisho wake yeye na binti yao Neema wakapelekwa Buffalo, sisi wawili tukatupwa Louisville. Watu walituambia tushukuru, ni nchi moja. Waliosema hivyo hawakuwa wamewahi kuangalia ramani ya nchi yenyewe.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na ndagala, wale samaki wadogo ambao Watanzania wanawaita dagaa, na wakati mwingine sombe, majani ya muhogo, niliyoipika vibaya. Mjomba hakuwahi kusema niliipika vibaya. Alikuwa anasukuma sahani kidogo na kusema Mama Neema alikuwa anaweka mawese zaidi. Meza ilikuwa na viti vitatu, na kile cha tatu alikiwekea kofia yake ili kisionekane kitupu. Mimi nilimtamani mwanamke yule ndani ya nyumba ile, nasema wazi. Nilitaka mtu wa kuniambia nguo hii haikufai na chumvi hii imezidi. Mjomba alikuwa mwema, lakini ukikaa na mwanaume mmoja mwenye huzuni, hata televisheni inaanza kuongea polepole.

Kila Jumapili baada ya ibada Mjomba alimpigia mkewe simu, akaweka sauti ya wote kwa sababu sikio moja lilikuwa limechoka, na mimi upande wa pili wa ukuta nikasikia kila kitu hata nisipotaka. Waliongea kuhusu baridi, magoti, nani amezaa. Kisha Mjomba akamuuliza atakuja lini Louisville. Mama Neema hakupenda swali hilo. Mwanzoni mwa mwaka ule ndipo nilipomsikia akimjibu, kwa ile sauti ya mtu anayechambua mchele huku anaongea: atatoka Buffalo siku Mjomba atakapokwenda kumchukua mwenyewe, na gari yake mwenyewe. Simu ilipokatika nikamsikia Mjomba anapiga mluzi, na sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu tufike.

Ni lazima mjue kwamba Mjomba alikuwa dereva wa lori kati ya Uvira na Baraka, kabla ya mambo kuharibika. Kwetu lori halitembei bila jina. Juu ya kioo cha mbele, kwenye paji la uso, panafungwa kibao, na watu wa barabarani hawasemi lori la fulani limepita, wanasema jina. Lake liliitwa Mama Neema. Neema alipozaliwa, alikwenda kumchukua mkewe kwao alikojifungulia kwa lori hilo, jina likiwa juu, na kijiji kizima kilitoka kusoma. Basi aliposikia "na gari yako mwenyewe," akaelewa anachokielewa dereva. Majira ya kuchipua hayajaanza, alikuwa ameshanunua pikapu ya buluu iliyotumika, yenye kiti kirefu kimoja cha watu watatu, na ameshapaka kibao rangi. Akaazima drili kwa jirani, akatoboa paa la pikapu mbele kabisa, matundu manne, akayasugulia sabuni ya kufulia mpaka yakaziba, kama alivyoziba matangi ya mafuta yaliyotoboka maisha yake yote, kisha akakaza skrubu. Kwa ndani, ili kazi isionekane chafu, akashona dari zima kwa kitenge chenye maua ya njano na kuning'iniza vishada. Majirani Wamarekani walipiga picha. Mimi niliona aibu siku mbili tatu, halafu nikaipenda.

Sasa kichekesho: pikapu ilikuwa yake, ila dereva nilikuwa mimi. Mtihani wa maandishi wa leseni ulikuwa kwa Kiingereza, na kila alipoufanya alirudi kimya na kwenda kulala na viatu. Mimi niliufaulu. Kwa hiyo mtu aliyeendesha lori kwenye matope ya njia ya Baraka akawa anakaa upande wa abiria, na kila nilipokaribia taa nyekundu aliupiga mguu wake wa kulia sakafuni, kwa nguvu, kwenye breki isiyokuwepo. Nilimwambia atatoboa sakafu. Akasema, bon, haya, nikijua kukanyaga mapema yeye ataacha.

Mvua za Aprili ndizo zilizotuanzishia vituko. Siku moja jua linawaka, wipa zikaanza kufuta kioo kikavu zenyewe. Siku nyingine milango ikajifunga na kujifungua, ta ta ta, kama mtu anayecheza na funguo. Taa za dashibodi zikawaka zote kwa pamoja, nyekundu na njano, halafu zikazima zote, na pikapu ikakataa kuwaka kabisa mpaka jua likae juu yake mchana kutwa. Nilichelewa kazini mara nyingi hadi msimamizi akaacha kuuliza sababu. Fundi wa kwanza alibadilisha beteri. Wa pili alifungua kisanduku cha fyuzi kilichoko chini ya dashibodi, mbele ya mguu wa dereva, akakuta maji na ukoga mweupe kwenye nyaya. Alisema maji yanapita kwenye mpira wa kioo cha mbele, akabadilisha kioo. Mvua iliyofuata, honi ikalia yenyewe mbele ya kanisa wakati wa mahubiri.

Hapo kanisa likaingia kati. Kikundi cha maombi kilizunguka pikapu, wakaweka mikono juu ya boneti, na mama mmoja akasema anaona kabisa mtu wa nyumbani mwenye wivu. Pikapu ikatulia mwezi mzima, na Mjomba akatoa ushuhuda mbele ya watu. Mimi nilikaa nyuma nikihesabu moyoni kwamba mwezi huo haikunyesha hata tone. Sikusema. Siyo kwamba siamini maombi; naamini, lakini nilikuwa nimeshaona ni mvua na siyo mtu, na nilikuwa nimeamua kwamba nitaijua njia ya maji hayo kabla mwaka haujaisha. Kwenye ghala, nikiwa nasukuma vifurushi, niliwaza nyaya. Nilijifunza majina ya fyuzi. Nililala sakafuni mwa pikapu na tochi mdomoni, nikanyanyua zulia, nikakausha, nikarudisha. Na harufu ya sabuni niliisikia, ndiyo, lakini Mjomba alikuwa anaiosha pikapu hiyo kila Jumamosi, hivyo ingenuka nini kingine?

Mwezi wa Septemba ukaja na simu mbaya. Neema alikuwa ameolewa, na mumewe amepata kazi upande wa pili wa nchi, kule magharibi kabisa. Walikuwa wanafunga vitu kuhama mwisho wa Oktoba. Kupitia ukuta nilimsikia Mama Neema akisema kwamba hawezi kubaki Buffalo peke yake na theluji, donc, kwa hiyo, kama Mjomba hatafika kabla ya siku ya kupakia, yeye atakwenda na mtoto wake. Hakusema kwa hasira. Ndicho kilichonitisha. Mjomba akajibu sawa, sawa, na usiku ule hakula. Nilimwambia apande basi amfuate. Akaniangalia kama nimemwambia aende uchi. Baada ya hapo nikachukua simu mwenyewe, nikampigia Mama Neema nikiwa bafuni, maji yakimwagika ili Mjomba asisikie, nikamwahidi kwamba nitamleta. Aliniuliza kama gari ni nzima. Nikasema nzima.

Tuliondoka Louisville Ijumaa asubuhi, kibao juu, Mjomba amevaa koti la harusi za watu. Mpango ulikuwa kulala Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus, kwa Njeri, Mkenya niliyefanya naye kazi ghalani kabla hajahamia huko kusoma, na kesho yake kumalizia Buffalo. Tulipopita Cincinnati mvua ikatukuta. Wipa zikafuta, zikasita, zikasimama katikati ya kioo. Taa za breki zikagoma, nikajua kwa honi za watu nyuma yangu. Niliendesha kando kando ya barabara nikiwa nimeinama kuchungulia penye uwazi, meno nimeyauma, huku Mjomba anakanyaga breki yake ya hewani kila baada ya mti. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa na hasira kuliko woga. Tulifika kwa Njeri alasiri, nikazima pikapu, na ilipozimika nikajua haitawaka tena.

Njeri alitupikia chapati na ndengu, kwenye jiko dogo lililojaa vitabu mpaka juu ya friji. Mjomba alikula kwa adabu akasifu, kisha akakaa dirishani akiitazama pikapu yake kwenye maegesho. Njeri aliniambia nimwachie nguo zangu zilizolowa azitie kwenye mashine, akazinusa, akacheka. Akasema, "Aki Sifa, hizi si umetoka kuzifua? Zinanuka sabuni, na hazijasuuzwa." Ilikuwa suruali yangu, iliyodondokewa na maji magotini njia nzima. Niliichukua nikainusa mwenyewe. Pikapu ilikuwa haijaoshwa wiki hiyo, na maji ya mvua hayana sabuni.

Nilitoka mbio hata viatu sikuvaa sawasawa. Nikapanda kitini, nikachana kitenge cha dari kutoka kona ya mbele, na uzi wote wa Mjomba ukafunguka. Chini yake dari lilikuwa na madoa manne ya kahawia, yamepangwa kwenye mstari, na kutoka doa la mwisho njia nyeupe ya sabuni iliteremka kwenye nguzo ya kioo, moja kwa moja mpaka kwenye kisanduku cha fyuzi. Nikakaa pale na maua ya njano mapajani. Miezi yote ile, beteri, kioo, maombi, na maji yalikuwa yanapita kwenye skrubu za jina la Mama Neema.

Mjomba alikuja nyuma yangu. Nilimwonyesha, nikamwambia kibao kishuke leo, tuzibe matundu, tukaushe nyaya, kesho twende. Nilidhani atafurahi. Akasema nimeharibu kitenge. Akasema ameziba matundu mwenyewe, na kama kuna kitu anachokijua duniani ni kuziba tundu. Nilipomwambia Buffalo wametabiriwa mvua, na bila kushusha hatufiki, akakunja mikono.

"Nitafika na jina yake juu, ao sitafika."

Nilipandisha sauti, na kwetu mpwa hapandishii mjomba sauti, lakini nilipandisha. Nikamwuliza kama anataka Mama Neema ahame kwa sababu ya ubao. Njeri alikuwa amesimama mlangoni ameshika mwiko, hajui aingie au atoke. Mjomba aliingia ndani ya pikapu, akakaa mahali pa abiria, akafunga mlango. Nikaona hapa maneno yamekwisha. Nikamwomba Njeri jagi la maji, nikapanda kwenye tairi, nikamwaga taratibu nyuma ya kibao. Nilimwaga lote, nikashuka, nikaenda dirishani kwake. Maji yalikuwa yanamdondokea mkononi, tone baada ya tone, naye hakuutoa mkono. Alisugua vidole. Viliteleza. Akavipeleka puani.

Halafu akasema, si kwangu, alisema kwa kile kioo: "Petroli haiyeyushe sabuni." Akapangusa mkono kwenye koti. "Maji inayeyusha."

Akaniomba bisibisi. Nilitaka kufungua mimi, akakataa, akapanda mwenyewe na magoti yake yale, akafungua skrubu moja moja na kuzitia mfukoni. Kibao alikishusha kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona na uso ule ila siku za misiba, na hasira yangu yote ikaniishia pale pale. Tulinunua gundi ya kuzuia maji na vipande vya mpira, nikaziba matundu nje na ndani. Nyaya tulizisafisha kwa mswaki, kisha tukazikausha kwa mashine ya Njeri ya kukaushia nywele, waya umevutwa kupitia dirishani, yeye akisema hata kichwa chake hakijawahi kupata huduma ya muda mrefu namna hiyo. Asubuhi nikageuza ufunguo. Iliwaka mara moja, na dashibodi ikanyamaza.

Njia nzima ya Buffalo Mjomba alikiweka kibao magotini, jina likimwangalia yeye. Baada ya Cleveland mvua ilianza, ile mvua ya ziwa inayokuja imelala ubavu, nami nikawa natazama barabara kwa jicho moja na taa za dashibodi kwa jingine. Wipa zilifuta. Milango ilitulia. Nilitamani kuimba lakini ukimwona mtu amekaa na kibao chake namna ile huimbi.

Neema na mumewe walikuwa wanabeba masanduku kwenye baraza la mbao tulipofika, na mlangoni vitu vya Mama Neema vilikuwa vimetengwa peke yake: kinu, cherehani, magodoro mawili yamefungwa kamba. Sikujua kama vimetengwa kwa ajili yetu au kwa ajili ya magharibi. Nikazima gari. Mjomba hakushuka. Alikinyanyua kibao akakisimamisha nyuma ya kioo cha mbele, akakishikilia hapo kwa mikono miwili, ili atakayetoka asome. Mama Neema akatoka, mnene kuliko sauti yake ya simu, akashuka ngazi akishika ukuta, akaja mpaka upande wa abiria akafungua mlango. Mjomba akaanza kujieleza kabla ya salamu. Alieleza yote, drili, sabuni, kisanduku cha fyuzi, kanisa, jagi la maji, na kwamba kibao kilikuwa juu mpaka Columbus, mimi ni shahidi.

Mama Neema alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilisema ukuje," akamwambia. "Kibao, nani alikuomba?"

"Ulisema nikuje na gari yangu."

"Sababu ya magodoro, Wilondja."

Mumewe Neema alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. Mama Neema akakichukua kibao mikononi mwake, akakigeuza, akatia kidole kwenye kila tundu, kisha akapangusa herufi kwa pindo la kitenge chake, zote, mpaka A ya mwisho. Akamwambia Mjomba ashuke ale, sombe itapoa. Ilikuwa na mawese mengi. Mjomba alikula sahani mbili bila kusukuma chochote.

Tuliondoka siku iliyofuata, magodoro na cherehani nyuma chini ya turubai, sisi watatu kwenye kiti kimoja, Mama Neema katikati na kibao mapajani kwake. Hatujafika mbali mvua ikatukuta tena. Aliniuliza maji yalikuwa yanapita wapi. Nikamwonyesha kwa kidevu. Akanyoosha mkono akagusa dari, doa la kwanza, la pili, la tatu, la nne, akipapasa kila moja kama anayempima mtoto homa.

"Pakavu," akasema.

Mbele yetu lori lilipunguza mwendo, taa zake nyekundu zikawaka kwenye mvua, nami nikakanyaga breki. Niliusubiri ule mguu upige sakafu upande wa pili. Haukupiga. Niligeuka nikaona Mjomba amelala, kichwa kimeegemea bega la mkewe, na miguu yote miwili ameikunja chini ya kiti.